Laptopu ya Inchi 16 kwa Video na Picha: Maswali Tunayoulizwa Sana Mwisho wa Reli

Studio yetu iko Mwanga, Kigoma mjini. Tunapiga na kuediti harusi, video za kwaya, na mara mojamoja kazi za wageni wanaokuja kwa ajili ya ziwa na sokwe wa Gombe. Kila tetesi za toleo jipya zinapoanza kuzagaa, meseji kutoka Ujiji, Kasulu, Uvinza hadi Tabora zinauliza yaleyale: ninunue au ningoje? Tumeyakusanya maswali hayo hapa. Pale jibu linapogusa swali lingine, tumekuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

Mnaposema laptopu kubwa ya kazi, mnamaanisha ipi?

Ni ile yenye kioo cha karibu inchi 16, chipu yenye nguvu na feni za kuipoza; unaifungua ukumbini, unamwaga kadi za kamera na kuanza kazi. Inayoulizwa zaidi ni MacBook Pro ya inchi 16. Upande wa Windows kuna ASUS ProArt P16, HP ZBook, Lenovo Legion na nyingine zenye kadi ya picha ya Nvidia.

Ukubwa wa kioo una kazi yake. Ukiediti harusi ya kamera tatu unataka kuona picha, mistari ya sauti na vipande vyote kwa pamoja. Kwenye inchi 13 utashinda unavuta na kurudisha, macho yachoke kabla ya kazi kwisha. MacBook Pro ya inchi 16 tangu 2021 ina pikseli 3456 kwa 2234, kwa hiyo video ya HD inakaa nzima bila kupunguzwa, na zana zako bado zinapata nafasi pembeni.

Toleo jipya hutoka lini?

Apple hawana tarehe ya kudumu. Inchi 16 ya kwanza ilitoka Novemba 2019 ikiwa na chipu ya Intel. Iliyofuata, yenye chipu za Apple wenyewe, M1 Pro na M1 Max, ilikuja Oktoba 2021, karibu miaka miwili baadaye. Kisha mwendo ukabadilika: M2 Pro na M2 Max Januari 2023, M3 Pro na M3 Max mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo, M4 Pro na M4 Max mwishoni mwa Oktoba 2024. Watu wengi wakajipangia kwamba Oktoba ndio mwezi wake. Oktoba 2025 ilipofika, chipu ya M5 ikaingia kwenye inchi 14 peke yake. Waliokuwa wameahirisha kununua inchi 16 kwa ajili ya mwezi ule waliufunga mwaka mikono mitupu.

Kwa hiyo pengo limekuwa kati ya miezi tisa na miaka miwili, na chipu ya kawaida inaweza kutangulia bila Pro na Max kuifuata palepale. Nvidia wanatabirika zaidi: kadi za laptopu za RTX 30 zilitangazwa Januari 2021, RTX 40 Januari 2023, RTX 50 Januari 2025. Ila kutangazwa na kufika dukani ni vitu viwili.

Tetesi za mitandaoni niziamini?

Zichukue kama utabiri wa mvua: zinakusaidia kubeba mwavuli, hazikupangii siku ya harusi. Tetesi za chipu inayofuata mara nyingi huwa karibu na ukweli, maana mpangilio wake unajulikana. Tetesi za tarehe na bei ndizo zinazowaumiza watu. Usimwahidi mteja kazi kwa mashine ambayo haijatangazwa.

Likitangazwa leo, Kigoma nitalipata lini?

Apple hawana duka lao wenyewe Tanzania. Mzigo unapitia kwa wauzaji wa Dar es Salaam, wengi wakiutoa Dubai, ndipo ushuke kwetu kwa basi, kwa ndege au na mtu anayesafiri. Wiki za mwanzo, chache zinazofika huuzwa kwa bei ya wenye haraka. Sisi huhesabu miezi miwili au mitatu baada ya kutangazwa ndipo bei ya Kariakoo itulie. Kama unangoja toleo jipya ukiwa huku mwisho wa reli, na hiyo miezi iweke kwenye hesabu.

## Kununua au kungoja

Sasa nifanye nini: ninunue au ningoje?

Anza na kazi zako. Chukua daftari, andika miezi mitatu iliyopita: kazi gani uliikataa kwa sababu ya mashine? Gani ulichelewesha? Ni mteja gani alipewa video ikiwa na kasoro kwa sababu mashine iliganda na muda ukaisha? Kama ukurasa umejaa, kungoja kunakugharimu kila wiki, na toleo lijalo halitakurudishia wateja hao. Kama huoni zaidi ya kero ndogondogo, unaweza kungoja ukiwa na amani.

Kisha jiulize ni kitu gani hasa kinakukwamisha. Tulishawahi kukaa na kijana wa Gungu aliyetaka kukopa anunue inchi 16 mpya kwa sababu video zake zilikuwa zinakatakata. Tulipofungua mashine tukakuta anaediti moja kwa moja kutoka eksteno, yaani diski ya nje, ya zamani ya kuzunguka, iliyojaa hadi pomoni. SSD ya nje (diski ya kasi isiyozunguka) na proksi, yaani nakala nyepesi za video za kufanyia kazi, zikamtoa hapo. Hakukopa, na mashine yake ikamaliza msimu wa harusi.

Upande wa pili pia naujua. Septemba 2021 nilinunua inchi 16 ya Intel kwa sababu nilikuwa nimepata kazi kubwa ya kwaya. Mwezi mmoja baadaye ikatoka ya M1 Pro, na tofauti haikuwa ndogo: betri, joto, kasi, kila kitu. Iliniuma, sitaficha. Lakini ile kazi ya kwaya ililipa sehemu kubwa ya bei, na isingeningoja hadi mzigo mpya ufike Kigoma. Ningekuwa sina kazi mkononi, ningefanya kosa kununua mwezi ule, maana fununu zilikuwa zimejaa kila mahali na toleo lililokuwepo lilikuwa limefikisha karibu miaka miwili.

Kipimo chetu, basi, ni hiki: toleo lililopo likiwa na chini ya miezi minane na kazi ipo, nunua. Likipita mwaka na kazi hakuna, ngoja. Hapo katikati, daftari lako ndilo litakaloamua.

Toleo jipya huwa bora kwa kila kitu?

Hapana, na mfano mzuri ni M3 Pro. M2 Pro yenye viini 12, yaani sehemu za chipu zinazopiga hesabu, ilikuwa na viini vinane vya nguvu na vinne vya kubana matumizi. M3 Pro ikaja na viini 12 vilevile, lakini sita kwa sita. Njia ya kupitishia data kwenye kumbukumbu nayo ikashuka kutoka gigabaiti 200 kwa sekunde hadi 150. Kuna mambo ilizidi, lakini aliyeuza M2 Pro yake ili aipate hakupata mruko aliodhani analipia. M4 Pro ilipanda hadi gigabaiti 273 kwa sekunde, na huo ndio mruko uliostahili. Soma namba za chipu yenyewe. Tarakimu ya mbele pekee haitoshi.

Nikingoja, bei ya toleo la zamani itashuka?

Kwa kawaida ndiyo, na hii ndiyo njia tunayoipenda kuliko zote: unangoja jipya litoke, kisha unanunua lililotangulia, likiwa bado kwenye boksi au limetumika kidogo. Bei ya kuanzia ya inchi 16 nchini Marekani ilikaa dola 2,499 kuanzia toleo la 2021 hadi la 2024, huku RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya kuanzia ikipanda kutoka GB 16, ikaja 18, kisha 24. Kwa hela ileile ulikuwa unapata zaidi, na la nyuma yake lilikuwa linapungua thamani.

Lakini usilifanye hilo kuwa kanuni. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda sana duniani kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu za kumbukumbu kwenye vituo vya data vya akili unde. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na bidhaa zake za Crucial kwa wanunuzi wa kawaida. Hali ikiwa hivyo, anayengoja bei ishuke anaweza kuikuta imepanda. Na dola ikipanda dhidi ya shilingi, hata mashine iliyosimama bei kule itapanda huku.

Nina inchi 16 ya Intel ya 2019. Bado inanifaa?

Inafaa kwa HD na kwa picha. Kwa 4K, yaani video yenye pikseli mara nne ya HD, inachemka na feni zinapiga kelele. La kujua ni kwamba macOS Tahoe, iliyotoka Septemba 2025, ndiyo ya mwisho kukubali chipu za Intel. Haitazimika kesho, ila programu za kuediti zitaanza kuiacha moja moja. Wewe ndiye tungekushauri uhame bila kungoja sana, hata kama ni kwenda M1 Pro iliyotumika. Soma pia swali la mashine zilizotumika, chini.

## Kuchagua

RAM kiasi gani?

Kwa laptopu za Apple RAM unayonunua ndiyo utakayozeeka nayo. Imejengwa pamoja na chipu, hakuna fundi wa kuiongeza. Pia inatumiwa kwa pamoja na upande wa picha. Harusi za 4K zinaenda vizuri kwa GB 24. Ukifanya michoro mizito au rangi nyingi juu ya nyingine, tafuta 36 au 48. GB 16 bado inafanya kazi, mradi usifungue kila kitu kwa wakati mmoja.

Na hifadhi?

Piga hesabu nami. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Kamera mbili kwa saa sita za shughuli ni GB 540. Harusi moja tu imeshazidi SSD ya GB 512, na hujaweka programu wala muziki. Hata hivyo hatushauri ulipie hifadhi kubwa ya ndani ikiwa pesa ni ya kubana. Chukua ya kati, kisha nunua SSD mbili za nje, moja ya kazi na moja ya nakala. Fedha iliyobaki iweke kwenye RAM, kwa sababu ya swali lililotangulia.

Nichukue chipu ya Pro au ya Max?

Pro, kwa wengi wenu. Max ina nguvu zaidi ya picha na mitambo miwili ya kutoa video badala ya mmoja. Anayefanya michoro ya 3D au anayetoa video ndefu kutwa nzima ataiona faida. Aliye na harusi moja kwa wiki ataipata video saa moja mapema usiku akiwa amelala. Mwaka 2024 tofauti ya bei ya kuanzia kati ya hizo mbili ilikuwa dola 1,000.

Kwa nini nisichukue Windows yenye Nvidia?

Unaweza, na kwa michoro ya 3D tungekuelekeza huko. Baadhi zinakubali kuongezwa RAM na SSD, jambo zuri sana huku kwetu. Angalia mambo mawili. La kwanza ni kumbukumbu ya kadi yenyewe: RTX 5070 ya laptopu ina GB 8, 5070 Ti ina 12, 5080 ina 16, 5090 ina 24. La pili ni wati ambazo kiwanda kimeiruhusu kadi itumie. Laptopu mbili zenye kadi ya jina moja zinaweza kupishana sana kwa kasi, kwa sababu nyembamba imebanwa umeme.

Kama kamera yako inarekodi biti 10 za 4:2:2, yaani muundo unaobeba taarifa nyingi zaidi za rangi, kama zile za Sony zinazopendwa siku hizi, kumbuka kwamba kadi za Nvidia zimeanza kusoma muundo huo zenyewe kuanzia RTX 50. Hapo kabla ilibidi utegemee chipu ya Intel au utengeneze proksi. Watu wamewahi kulaumu kadi ya RTX 40 kuwa mbovu, kumbe ni hili tu.

MacBook Air ya inchi 15 haitoshi?

Kwa picha na video fupi inatosha, na ya M4 ya 2025 inaanza na GB 16. Haina feni wala tundu la memori kadi, kwa hiyo kazi ndefu ikipata joto inapunguza mwendo.

Ningoje kioo cha OLED?

iPad Pro ilipata OLED Mei 2024, ndiyo maana watu wanaitazamia kwenye MacBook Pro. Kwenye OLED kila pikseli inawaka yenyewe, hivyo nyeusi inakuwa nyeusi kweli. Kioo cha sasa kinatumia taa ndogondogo za nyuma, na ukitazama maandishi meupe juu ya giza utaona ukungu kidogo pembeni. Kwa anayesahihisha rangi, hilo ni jambo. Lakini video zetu nyingi zinaishia kutazamwa kwenye simu na kwenye televisheni za sebuleni. Mteja wa Buzebazeba hatalipa zaidi kwa ajili ya weusi wa kioo chako. Usingoje kwa sababu hiyo pekee.

## Ukiwa Kigoma

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Hapa ndipo tunapoipendea MacBook Pro kuliko mahali pengine popote. Kasi yake kwenye betri ni karibu sawa na ikiwa kwenye chaja, ambapo laptopu nyingi za Nvidia hushuka nguvu ukizichomoa ukutani. Mji wetu ulikaa miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya kuletewa gridi, na mazoea ya kufanya kazi kwa kuvizia umeme bado tunayo.

Ila betri ya laptopu hailindi eksteno yenye chaja yake, wala hailindi vifaa na umeme unaorudi kwa kishindo. Weka stabilaiza au UPS ndogo. Ukitumia sola, hesabu hivi: chaja ya inchi 16 ni wati 140, kwa hiyo saa nne za kutoa video zinaweza kufika wati-saa 560. Betri ya sola ya volti 12 na Ah 100 ina 1,200, lakini ikiwa ni ya risasi na asidi usiitumie kupita nusu. Betri moja, usiku mmoja, basi.

Nikinunua iliyotumika nikague nini?

Kwanza iunganishe na intaneti na kuifuta mbele ya muuzaji, ianze upya kama mpya. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, au ikisema inasimamiwa na kampuni fulani, rudisha pesa mfukoni. Tuliwahi kuletewa moja safi kabisa, bei ya kushangaza. Ilipoguswa na mtandao ikajitangaza kuwa mali ya ofisi ya ng'ambo. Kufuta hakuondoi usajili huo.

Pili, angalia mizunguko ya betri kwenye taarifa za mfumo. Apple wameipangia 1,000. Tatu, fungua ukurasa mweupe ukague kioo kona hadi kona. Kioo ni kipuri ghali, na kitalazimika kutoka Dar es Salaam.

Naruhusiwa kupanda nayo ndege?

Ndiyo. Mashirika ya ndege huruhusu betri hadi wati-saa 100 bila kibali, na inchi 16 imetengenezwa isivuke hapo. Ibebe mkononi. Kwa boti za ziwani ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, kisha ndani ya begi.

## Maswali ya pembeni

Tuko wawili. Tununue moja kubwa au mbili za kawaida?

Mbili, kama nyote mnaediti. Mashine moja ikifa wiki ya harusi, ya pili inamaliza kazi. Tungekwenda na inchi 16 moja iliyotumika na Air moja, SSD ya kazi ikizunguka kati yenu.

Kibodi ya mzigo wa Dubai ina herufi za Kiarabu. Ni tatizo?

Herufi za Kilatini zipo palepale, kwa hiyo utachapa kama kawaida. Tatizo ni siku ya kuiuza, maana wengine huiogopa. Omba upunguziwe bei.

Mteja kaleta diski, MacBook inaisoma lakini haiandiki. Imeharibika?

Haijaharibika. Imepangwa kwa mfumo wa NTFS wa Windows, ambao Mac inausoma tu. Usiifute, ina vitu vya mteja. Nakili unachohitaji, kisha umrudishie kazi kwenye diski yako iliyopangwa kwa exFAT, inayokubalika pande zote mbili. Kumbuka kwamba exFAT haina kumbukumbu ya ndani ya kujirekebisha, kwa hiyo diski ikizimika ghafla wakati wa kunakili inaweza kupoteza mafaili. Nakili laptopu ikiwa na chaji ya kutosha, itoe diski kwa utaratibu, na nakala ya pili ibaki studio mpaka mteja athibitishe kwamba ameitazama yote.